Nilimwekea Mjane Maneno Ambayo Hakusema

Mama Shanitah mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri, na nikilitamka hapa Nakivale litazunguka kambi nzima kabla sijamaliza sentensi.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, nina miaka hamsini na minane, nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari karibu na Uvira mpaka vita vya 1996 viliponitoa darasani, nikavuka ziwa kwenda Kigoma, nikakaa kambi za Tanzania miaka sita, kisha nikaingia Uganda kwa njia ya Kikagati nikapewa kiwanja hapa, na tangu hapo kazi yangu imekuwa hiyo hiyo, asubuhi ninalima maharage, mchana ninachukua daftari na kwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza watu yaliyowapata. Nimeandika vitabu vitatu kuhusu vita vya nchi yetu. Viwili vya kwanza niliviandika kwa Kiswahili, na cha tatu, kilichotoka mwaka 2012, kwa Kifaransa, kwa sababu nilitaka kifike Ulaya, na sikufichi, nilitaka na mimi nifike nacho.

Nina sheria moja ambayo niliiandika mwanzoni mwa kila kitabu: hakuna shahidi bila jina. Jina lake, jina la baba yake, kijiji chake. Watu wetu waliuawa bila kuandikwa popote, kwa hiyo nikasema kila anayesema aandikwe, na watu waliipenda sheria hiyo, walikuwa wakinifuata mpaka shambani, "Mwalimu, na miye uniandike," wengine kwa uchungu tu, wengine kwa kudhani kwamba mtu aliye kitabuni faili lake la kwenda nje litapita haraka, na mimi sikuwaondolea dhana hiyo kwa sababu ilikuwa inaniletea mashahidi.

Sasa mwaka 2010 mzee mmoja aliyeitwa Appolinaire, wa kilima kimoja juu ya Fizi, alinieleza siku tatu mfululizo jinsi vijana wa kilima chao walivyochukua silaha, na jinsi wanawake walivyobeba risasi kwenye vikapu chini ya mihogo, mambo ambayo sikuwa nimeyapata kwa mtu mwingine, lakini alipomaliza akasema, "Mwalimu, ile yote andika, lakini jina yangu usitie mule. Niko na batoto." Nilimbembeleza wiki nzima, akakataa. Bila jina nisingeweza kuyatumia, na bila maneno yake sura ya saba isingekuwa na kitu.

Kilima hicho hicho ndicho alichotoka Marthe, mjane, jirani yangu wa nyumba ya nne, ambaye alikuwa amenipa ushuhuda wa nusu ukurasa: mume wake Léopold alikuwa mkulima, aliuawa siku ya soko, na yeye akakimbia akiwa na mimba ya binti yao Vanessa. Basi nikaunganisha shuhuda hizo mbili. Nilichukua maneno ya Appolinaire nikayaweka chini ya jina la Marthe, na kwa kuwa sasa ndiye anayesema, Léopold akawa mmoja wa waliobeba bunduki, na Marthe mmoja wa wanawake wa vikapu. Appolinaire hakuwahi kumtaja Léopold hata mara moja. Nilijiambia ni kilima kimoja, vita vile vile, wafu wale wale, kuna ubaya gani. Mwaka uliofuata Appolinaire alifariki, kwa hiyo anayejua ni mimi peke yangu.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea Marthe nakala yake. Hajui Kifaransa. Alilitafuta jina lake mpaka akalikuta ukurasa wa 147, akapitisha kidole juu yake, akalia, kisha akakitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya posho.

Vanessa ana jicho moja limeshakufa na la pili linafifia, na daktari wa hospitali ya macho ya Ruharo alimwambia mama yake kwamba operesheni inayomfaa haifanyiki hapa na haiwezi kungoja zaidi ya mwaka. Kwa ajili hiyo faili lao lilisogezwa mbele, na mwezi uliopita wakaitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nje. Na Marthe, Mama Shanitah, yeye mwenyewe kwa mikono yake, alikitoa kitabu changu kwenye mfuko akakiweka mezani. "Jina yangu iko mu kitabu," akawaambia. "Musome."

Mkalimani akasoma. Kwenye faili mume ni mkulima, kwenye kitabu mume ni mpiganaji na mke alimbebea risasi. Mahojiano yalisimamishwa hapo hapo, na wamempa mpaka mwisho wa mwezi huu alete maelezo, la sivyo faili linafungwa.

Alikuja kwangu siku ile ile, akasimama mlangoni amemshika Vanessa mkono, akaniuliza, "Mwalimu, hii maneno nilikuambiaka siku gani?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Mama Vanessa, pengine ulisahau. Vita inasahaulishaka batu." Akamtazama Vanessa. Kisha akasema polepole, "Labda nilisema. Ile wakati nilikuwa na mawazo mingi." Akaanza kujilaumu mbele yangu, kwamba ni mdomo wake umemfungia mtoto njia, nami nikamwacha ajilaumu mpaka akaondoka.

Nikiandika kwamba maneno si yake, nimejimaliza. Nilimwuliza Prince, anayenichapishia vitabu huko Mbarara, nikajifanya ni habari ya mwandishi mwingine, naye akasema, "Akikubali ukurasa moja ni ya uongo, bitabu byote bimekufa." Na ni kweli, kwa sababu wako watu wanaosema kwamba wafu wetu ni hadithi za wakimbizi wanaotaka kupelekwa Ulaya, na watu hao wanangoja ukurasa mmoja tu wa namna hii ili wawafute mashahidi wangu mia tatu na kumi na wawili waliosema kweli. Tena chuo kimoja cha Mbarara kimenialika nianze kufundisha mwezi wa nane, jambo ambalo nimelingoja tangu nilipovuka mpaka. Nimewaza kuandika kwamba ni kosa la mtambo wa kuchapia, karatasi zilichanganyika. Nimewaza kunyamaza, maana historia ya nchi nzima ni kubwa kuliko familia moja. Nimekonda, na tangu siku ile sijaandika hata mstari. Je, naweza kumwokoa mtoto bila kuviua vitabu vyangu?

Tafadhali usichapishe jina langu.

Mwalimu B., Nakivale, Juni 2014


MAMA SHANITAH ANAJIBU

Mwalimu B.,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijakupa pole nina neno. Umeniomba nifiche jina lako. La mama wa watu umeniandikia waziwazi, la mtoto waziwazi, ugonjwa wa mtoto, hadi nyumba wanayokaa. Hukuniomba nifiche lolote kati ya hayo. Nimebadilisha mimi mwenyewe majina yao, na la marehemu, na la mchapishaji wako, na kilima, na nyumba, na namba ya ukurasa, kwa sababu hapa hatumweki mtu gazetini bila ruhusa yake. Ulikuwa hujawaza hata hilo?

Sasa pole, na ninaisema kwa moyo. Mtu aliyetembea miaka yote hiyo juani na daftari lake, akisikiliza habari za waliochinjwa, kisha akarudi nyumbani kupika maharage, bambi, maskini, huyo amebeba mzigo ambao wengi wetu tungeutupa siku ya pili. Mashahidi wako waliosema kweli wana deni la shukrani kwako. Lakini uchovu haukuandika ukurasa ule. Uliuandika wewe ukiwa na akili zako timamu, kwa sababu ulitaka sura ya saba ipendeze huko Ulaya.

Unaniuliza habari za historia na nchi. Hapana ssebo, bwana wangu, usinizungushe. Kuna mtoto anayepoteza macho kwa sababu ya maneno ambayo mama yake hakuyasema, na anayejua kwamba hakuyasema ni mtu mmoja tu aliye hai. Hakuna la kupima hapo. Ungekuwa umenieleza habari hii ya mtu mwingine, ungeshatoa hukumu kabla ya aya ya pili.

Na lililonichoma zaidi si kitabu. Ni pale mlangoni. Mwanamke huyo hana kaburi la mumewe, sidhani hata kama ana picha yake. Alichobaki nacho ni kumkumbuka tu, na wewe, mwalimu, msomi, jirani, ukamwambia kwamba hata hilo hawezi. Sasa yuko nyumbani kwake anajaribu kumkumbuka Léopold mwenye bunduki. Nilipofika hapo niliiweka barua yako chini nikatoka nje, nilikuwa na hasira ya kuichana.

Basi fanya hivi, na usisubiri Jumatatu. Nenda kwa Marthe ukimaliza kusoma. Usimwanzie habari za chuo wala za wanaokana wafu wenu. Mwambie: hukusema, niliongeza mimi, na nilikudanganya nilipokuambia umesahau. Mwambie mbele ya Vanessa, kwa kuwa alikuwepo ulipodanganya. Akikutukana, tukanwa. Akikufukuza, ondoka, lakini kazi inaendelea hata asipokusamehe.

Kisha andika barua kwa ofisi inayoshughulikia faili lao. Sema kwamba maneno hayo alikupa mtu mwingine ambaye sasa ni marehemu, kwamba ukayaweka chini ya jina la mama huyu bila yeye kujua, na kwamba kuhusu mumewe kubeba bunduki hakuna aliyekuambia, ulibuni. Neno ni hilo, ulibuni, usilitafutie jingine laini. Habari ya mtambo iache, Prince wa watu amekukosea nini? Marehemu alikukataza kutaja jina lake na ana watoto, kwa hiyo lifunike. Beba daftari la ushuhuda wake, na lile lenye nusu ukurasa wa Marthe, waone tarehe na mwandiko. Na barua hiyo usimpe Marthe aipeleke. Ipeleke mwenyewe, ukae kwenye benchi na watu wengine mpaka uitwe. Yeye alishabeba karatasi zako mara moja, yatosha.

Wale wanaokana wafu wenu watakuja tu, hata ungeandika kwa kalamu ya malaika. Wakilikuta kosa wao, wataliita uongo na watakuwa na haki. Ukilitangaza wewe, ukaonyesha na daftari zako, angalau hao wengine wote watakuwa na mtu wa kuwasimamia. Kwa hiyo pitia vitabu vyote vitatu, ukurasa kwa ukurasa, na popote uliposhona maneno ya huyu kwenye kinywa cha yule, useme. Mimi siamini kwamba ulifanya mara moja tu, samahani. Chuo nacho kiandikie sasa, kabla hawajasikia kwa mwingine. Wanaweza kukufutia mwaliko. Ikiwa hivyo, utalima, na ukiwa shambani hakuna atakayekuja kukuuliza ni nani alisema nini.

Siwezi kukuahidi kwamba faili litafunguliwa. Nimezungukia ofisi miaka mingi, najua karatasi ikishalaliwa na nyingine inavyokaa huko chini. Huenda umechelewa, na huenda jicho la mtoto halitangoja barua yako. Peleka hata hivyo, na ukiambiwa imechelewa, rudi kesho yake.

Nina langu pia, na wasomaji wangu wanisamehe kulitoa hapa. Vitabu vyako nilivijua kabla ya barua hii. Mume wangu Hakim alikuwa askari wa kambi ya hapa Mbarara, akavuka na wenzake kwenda Kongo mwaka 1999. Tuliletewa karatasi, mwili hatukuletewa. Miaka kumi baadaye nikanunua kitabu chako cha pili, na humo kuna mama wa huko anayesema alimkuta askari wa Uganda ameanguka kando ya barabara, akamnywesha maji, akakaa naye, na alipokata roho akamfunika kwa kitenge chake. Mwezi unalingana, sehemu inalingana, hata kimo chake. Kila mwaka siku tunayomwombea Hakim, mimi na Shanitah tunausoma ukurasa huo. Wiki hii siku hiyo imefika, na kitabu sikukifungua.

Ukimaliza ya Marthe, lakini ukimaliza kwanza, panda gari uje Mbarara na daftari la kitabu hicho. Jumatano niko ofisini toka asubuhi. Nataka nione mwenyewe kama mama huyo wa kitenge yuko humo. Kama hayuko, niambie, Mwalimu, wala usinihurumie.