Mungu Alimpita Mama

Kaka yangu Hira,

Tunatumaini joto la huko Dubai limepungua. Huku sote wazima, isipokuwa ng'ombe aliyegoma kutoa maziwa. Mitufaha imechanua mapema.

Jana tulipanda ngomeni. Upande mmoja sasa ni hoteli, watalii wanapiga picha hata miguu yetu, lakini miungu ya vijiji, kila mmoja kwenye machela yake mabegani mwa wabebaji, bado inakutana uani palepale. Mama alisimama mbele ya machela ya mungu wetu akauliza kama utarudi kabla ya mavuno. Unajua anavyojibu: akikubali, machela humwinamia muulizaji, akikataa, huwavuta wabebaji kinyumenyume.

Hakufanya hili wala lile. Alimpita Mama, akaenda mbio hadi kwa wifi Reshmu, akamwinamia mara tatu.

"Mmeona?" Mama akashangilia. "Anambariki mkwe wangu! Mwanangu yuko njiani!"

"Njiani wapi?" Mjomba akamkatiza. "Umeuliza habari za mwana, umejibiwa habari za mke. Fumbua macho, dada!"

Wamenuniana mpaka sasa, nami sijui nishike lipi. Wabebaji wanaapa kwamba mungu ndiye huwavuta, na mimi nimeamini hivyo tangu utotoni. Ila mbebaji wa mbele alikuwa Dola Ram, yule jirani anayetuchanjia kuni bila kuombwa. Na machela ilipokuja kasi vile, sote tuliruka pembeni kwa hofu, hata Mjomba. Wifi peke yake hakusogea.

Anakusalimu. Hajasema hivyo, ila najua ungeuliza.

Mdogo wako,
Nirmu