Musinisukume

Siku ya kwanza, 2/6
Kilomètres kumi na mbili asubuhi. Mikono iko muzuri. Batu njo shida. Mara tatu balinisukuma. Wa kwanza mwanafunzi, wa pili papa moja wa kanisani, wa tatu sikumuona hata sura. Niko napanda, nahesabu pumzi, mara vélo yangu ya mikono inakimbia yenyewe. Nageuka: mutu anacheka, anangojea niseme wasingya, asante. Tangu polio ilikamata miguu yangu, kila mutu wa Butembo anazani mugongo wa kiti yangu ni mali yake.

Siku ya tatu, 4/6
Réunion ya course. Mashindano ya Butembo mpaka Beni, vélo za mikono tupu, tuko saba. Commissaire, mwamuzi wa course, alisoma sheria: mwenye kusukumwa, anatoka. Nikainua mukono.
"Na kama sikuomba?"
"Mama, sheria haiulize kama uliomba."
Kambale, mwenye tunafanyaka naye mazoezi, alicheka mpaka akakohoa. Siyo ya kuchekesha.

Siku ya posho, Jumamosi 7/6
Miye ni fundi wa kushona, donc nilishona. Kitambaa nyekundu mugongoni mwa kiti, herufi kubwa: MUSINISUKUME. Nikatoka nayo. Mama moja akasoma kwa sauti, akasikitika. "Maskini, nani alikuandikia hivi?" Akasukuma.

Siku ya tano, 13/6
Course ilikuwa kesho. Banaisogeza posho ingine, juu ya salongo, kazi ya bote ya kusafisha barabara, eti barabara itajaa batu na majembe. Mais salongo iko kila posho! Sasa banasukuma hata course. Nimechoka na batu.

Siku ya tatu, 18/6
Bega ya kushoto inauma. Sitaambia mutu. Batanisukuma.

Siku ya posho, 21/6
Tulitoka saa moja ya asubuhi. Kambale mbele, miye wa pili, bengine batano mbali nyuma. Kisha kupita kijiji ya Maboya kuna mulima. Nilikuwa katikati yake, bega inawaka, vélo karibu isimame. Motard moja akaacha pikipiki yake kando ya barabara, akakimbia kwangu. Nikapiga kelele: "Acha! Acha!"
"Usiogope, dada. Niko hapa."
Akanisukuma mpaka juu. Na pale juu, commissaire na kitabu yake.
"Masika, umetoka."
Nilitaka kumupiga na casque ya kichwa. Nikamuuliza, "Alianzia wapi kunisukuma?"
"Pa ile mukaratusi, kule chini."
"Nikirudi pale, nipande tena peke yangu?"
Akafungua sheria. Akatafuta. Akafunga.
"Sheria haiseme kitu."
Motard akaanza kuomba musamaha. Nikamuambia musamaha yake haina kazi, afukuze batu bengine. Nikageuza vélo. Nikiwa nashuka, bote batano bakanipita banapanda. Nililia, kwa hasira tupu. Pa mukaratusi nikageuza tena. Motard alitembea mbele yangu mikono juu, anafukuza batu kama kuku: "Kando! Mama hataki!" Mara mbili nilisimama. Mara mbili nilianza tena. Hakuna mwenye alinigusa.
Nilifika Beni wa mwisho, banamaliza kukunja banderole, kile kitambaa ya mwisho wa course. Commissaire aliandika jina yangu: wa saba. Kambale alishinda. Nimemukasirikia na yeye pia, bila sababu.

Siku ya Mungu, 22/6
Mulekera, hapa Beni, kwa mama mudogo. Sikuenda misa. Mikono haiinuke, hata kikombe inanishinda. Mama mudogo alinawa, akakata tonge ya bukari, akachovya mu sombe ya majani ya muhogo, akaniletea ku kinywa. Nikafungua kinywa. Inje kulikuwa mvua kidogo. Tulikula vile, polepole, mpaka sahani ikaisha.