Baba Hakuwa Amelala

Boise, Jumanne asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Miren,

Salamu nyingi zikufikie hapo Elko, wewe na mwanao Amaia na hao mapacha wake niliowaona kwenye picha tu. Natumaini yule mdogo ameanza kunyonya, na kwamba wameshamtoa kwenye kile kisanduku cha joto. Mimi mwili ni mzima. Mengine nisiseme kuwa ni mazima, maana nimekudanganya vya kutosha kwenye simu.

Anayekuletea barua hii ni Mzee Bixente. Nimemwomba akupe mkononi kabla hamjaanza safari ya kuja huku, uisome ukiwa umekaa. Ukitaka kunitukana utakuwa na saa nne nzima za njiani, naye atakusaidia. Nimeandika kwa sababu kila nikisikia sauti yako kinywa changu husema uongo, na kimefanya hivyo kwa siku kumi na mbili.

Ulipoondoka kwenda kwa Amaia ukaniachia Baba, alikuwa anakula vijiko vinne vya maharage na kusema ameshiba. Saratani ya kongosho ilikuwa imemmaliza mwili, lakini ulimi haikuugusa. Alinikosoa chumvi, akanikosoa namna ninavyopanga kuni, akaniuliza kama huko California watu hukatia mkate hewani, kwa vile nilikuwa nimejaza makombo meza nzima. Kuhusu Mama hakusema neno. Unakumbuka aliyoyasema miaka kumi na moja iliyopita niliposhindwa kuja kumzika: aliyeshindwa kuja kuzika asije kula. Nilikuja safari hii nikiwa nimejiandaa kuomba radhi. Kila nilipofungua mdomo, alinituma kuni.

Alhamisi ile alfajiri nikamkuta anahema kwa shida, midomo imemgeuka rangi. Namba ya Nesi Darlene uliniandikia kwa herufi kubwa, ukaniambia hata iweje nimpigie yeye, atakuja na matone ya morfini na atajua la kufanya. Sikumpigia. Niliita ambulensi. Ulipopiga jioni ukaniuliza ilikuwaje wale watu wasiione ile karatasi ya pinki uliyoibandika kwenye mlango wa friji, yenye sahihi yake na ya daktari, kwamba asitiwe mashine, asipelekwe hospitali, aachwe afie kitandani kwake. Nikakujibu kuwa huenda ilidondoka nyuma ya friji. Ukaniambia basi, wamtibu mapafu arudi. Uliniamini, na hilo linaniuma kuliko kama ungenikaripia.

Kwa siku tatu mambo yalielekea kuwa mazuri. Walimvalisha kinyago cha hewa, dawa zikashika, akaanza kuwatania manesi. Hapo ndipo nilipopata kichwa kikubwa. Nilimfuata daktari wa saratani, Dokta Lindqvist, nikamwambia huyu mzee amelala milimani na kondoo miaka thelathini, theluji haikumuua, dubu hakumla, kwa nini asipewe dripu moja zaidi ya dawa za saratani. Akanieleza kwa upole kwamba mwili wa namna ile haubebi dawa zile, kwamba dripu inaweza kumwondolea hata kinga kidogo aliyobaki nayo, na kwamba Baba mwenyewe alishazikataa tangu vuli. Sikutoka mlangoni pake. Jumapili nzima nilikuwa nyuma yake kama mdai. Mwisho akasema tukamuulize mgonjwa.

Tulimuuliza. Baba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia daktari, kwa sauti yake ileile ya kumnunia mtu, “Mfanyieni anavyotaka. Ametoka mbali, msimrudishe mikono mitupu.”

Nilifurahi, Miren. Nilishuka chini nikanunua kahawa na keki, nikala kama mtu aliyeshinda kesi. Kwako sikusema chochote juu ya dripu ile, kwa hiyo sasa ndipo unapoisikia.

Walimtundikia Jumatatu. Jumatano akawaka homa, damu ikawa haina askari tena, kama daktari alivyosema. Alhamisi ndipo nilipokupigia nikakwambia ni mashine ya kupumulia ya siku mbili tu, ukakubali hizo mbili huku unalia. Siku mbili zimekuwa sita. Figo nazo zimegoma, kwa hiyo kuna mashine nyingine ya kumsafisha damu. Mikono wameifunga kwa vitambaa laini asije akaung'oa mpira ulio kooni. Ngozi ya mikono hiyo imekuwa nyeusi kwa sindano.

Dawa za usingizi walimpunguzia Ijumaa ili wamwone kama anajitambua. Anajitambua. Anamfuata nesi kwa macho, akiambiwa bana kidole anabana. Lakini kila walipoingia kutueleza jambo jipya, la figo au la damu ya kuongezewa, alifumba macho yote mawili, kwa nguvu, akakaa hivyo mpaka watoke. Mimi niliwaambia amechoka, amelala, nileteeni fomu. Nikaweka sahihi. Nimeweka sahihi mara tatu juu ya kitanda cha mtu niliyesema amelala.

Jana mchana akaja Bixente, na theluji kwenye kofia. Alisimama miguuni pa kitanda. Daktari akaingia na habari ya dripu ya kupandisha presha, akaniuliza mimi, Baba akafumba macho. Bixente akaniuliza, “Mnamfanyia hivi tangu lini?” Nikamwambia tangu Alhamisi, ila sasa hivi amelala. Akasema, “Hajalala huyu. Anakupa ishara, na wewe unamwangalia kama kondoo.”

Akanivuta kando akanieleza kama anayemweleza mgeni. Wewe hahitaji kukueleza, ulikaa kwenye meza ile ya karata za mus kila Jumapili, mimi nilikuwa naosha vyombo na kuhesabu siku za kuondoka. Kumbe wawili wanaocheza upande mmoja huruhusiwa kupeana habari kwa uso. Kuuma mdomo kuna maana yake, kuchomoza ulimi kuna maana yake, na kufumba macho yote mawili ni kumwambia mwenzio: mimi mkononi sina kitu, usicheze kwa kunitegemea. Mdomo na ulimi vimezibwa na mpira. Kilichobaki ni macho. Bixente amecheza upande mmoja na Baba kwa miaka arobaini na mbili. Alimwinamia akamwambia, “Nimekuona, Fermin. Nimekuona.” Baba akafungua macho, machozi yakamtoka mpaka masikioni, na hakuna aliyeweza kumfuta isipokuwa sisi, maana mikono tumemfunga.

Sasa nikwambie la karatasi. Haikudondoka nyuma ya friji. Niliibandua mwenyewe niliposikia gari linapanda kutoka barabarani. Niliikunja mara nne nikaiweka ndani ya sweta. Kijana wa ambulensi alisimama mbele ya friji, akauliza kama mzee hana karatasi, kwa sababu wagonjwa wa huku huiweka hapo. Nilimtazama usoni nikamwambia hana. Baba alikuwa kwenye machela, anasikia. Ndiyo maana hata walipomuuliza kuhusu dripu hakuitaja. Alijua iko wapi, na hakunichongea.

Sikufanya hivyo kwa kumpenda sana, usije ukanitetea kwa watu. Nilitaka siku. Nilitaka anisamehe kwa mdomo wake kuhusu Mama, na niliona akifa asubuhi ile nitabaki nalo maisha yangu yote. Kwa hiyo nikamnunulia siku, na siku zenyewe zikaja na mpira uliomziba mdomo. Alichokuwa nacho cha kunipa alishanipa Jumapili ile, aliposema nisirudishwe mikono mitupu. Mimi nilisikia ruhusa ya dripu tu.

Leo saa mbili nimempa Dokta Lindqvist karatasi, nikamwambia ilikuwa wapi. Ameisoma, hakunigombeza. Amesema kwa karatasi hiyo mwakilishi wa kisheria ni wewe, watakusubiri ufike, waondoe mashine, wampe dawa asisikie maumivu. Nikamwomba basi tumrudishe nyumbani, hata kwa ambulensi, akafie kitandani kwake kama alivyoandika. Akasema hafiki. Wiki iliyopita, akiwa na kinyago, angefika. Sasa ukimtoa kwenye mashine, hatamaliza hata kushuka kwa lifti.

Kwa hiyo usimwambie Bixente apitie nyumbani kuchukua kitu, njooni moja kwa moja hospitali. Nimemwambia Baba unakuja. Safari hii hakufumba macho, anautazama mlango.

Mbusu Amaia, na wale wadogo uwashike vichwa kwa niaba yangu, kama utapenda bado niwe bibi yao wa namna yoyote. Barabara ina barafu, mfunge mikanda.

Ni mimi dada yako,
Graxi