Mume Wangu Amefunga Feni Tisa, Nami Nasomea Kabatini

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako wa haraka, na unisamehe mwandiko, kwa sababu nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya viatu ndani ya kabati la nguo, mlango nimeuegesha, simu yenye tochi nimeibana kwa meno, na wala sijagombana na mtu, sijafumaniwa, sijafukuzwa, ni kompyuta tu.

Mimi nilikuwa mwalimu miaka ishirini na miwili mpaka miguu ikanigomea kusimama, nikajua sasa ni kukaa nyumbani kuhesabu mabati, lakini Mungu si Athumani, nikapata kazi ya kusoma vitabu vya shule kwa sauti, narekodi hapa hapa nyumbani, vinakwenda kwa wanafunzi wasioona, na kazi hii naipenda, mshauri, naipenda kuliko nilivyolipenda darasa, maana kule nilisomea watoto arobaini na nusu yao wanatazama dirishani, huku najua kila neno linamfika mtu anayelingoja.

Mume wangu ni fundi wa injini za malori, mtu mwema, mpole, hajawahi kushindwa na nati, na alipoona narekodi kwa kompyuta ya kuazima inayozimia kila sura ya pili, akasema mke wake hawezi kuaibishwa na kikopo, akatafuta kifaa kimoja kimoja, wiki tatu akaiunda kwenye meza ya kulia chakula huku sisi tunakula tumepakata sahani, na siku ya kunikabidhi alinifunga macho kwa leso, akaniketisha, akawasha. Mshauri, nilidhani lori limeingia sebuleni. Aliponifungua macho nikaona sanduku lenye feni tano na taa za kila rangi, na nyuma yake amesimama mume wangu anatabasamu kama mtoto aliyeshika namba moja, akaniuliza, "Kelele haikukeri, mama watoto?" Nami kwa mdomo wangu huu huu nikajibu, "Wala. Inanibembeleza."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Kwa mume wangu, feni isiyosikika ni feni iliyokufa, anasema injini ikinyamaza shuka ukaangalie, na tangu lori lilipomchemkia njiani akakaa siku mbili chini ya jua, hana adui kama joto, kwa hiyo feni zote tano amezielekeza ndani, zinapuliza kwa pamoja kama watu wanaowasha mkaa uliolowa.

Nikarekodi sura sita za jiografia. Mkaguzi wa sauti kule maktaba ya wasioona iliyonipa kazi, ambaye mwenyewe haoni na ana masikio ya kusikia sisimizi akipiga mwayo, akanipigia simu, akasema, "Mwalimu, samahani kwa kuuliza, unasomea uwanja wa ndege?" Sura tano akazirudisha. Moja tu ilipita, ile ya maporomoko ya maji, tena akaisifu.

Basi nikaanza hila. Mume akienda gereji, nazima mashine, nafungua ubavu, nachomoa waya wa feni moja, nafunga. Jioni yeye akirudi, kabla hata hajavua viatu, analaza sikio juu ya sanduku kama daktari, anafumba macho, anasema, "Namba nne imelala." Hakai chini. Anakwenda kwa wauza vyuma chakavu, anarudi na feni mbili badala ya moja, vijifeni vinene vya ukubwa wa kiganja vilivyotolewa kwenye mitambo ya zamani ya ofisi ya simu, vinalia kama mbu aliyemezwa na tarumbeta, na nafasi ikikosekana anatoboa sanduku kwa mashine ya kukatia bati. Kila ninayoichomoa inazaa mbili. Leo ziko tisa.

Nikaona nijaribu njia nyingine, nikaifunika mashine kwa blanketi, lile zito la wageni, na kweli kelele ikapungua, nikasoma kurasa kumi na moja bila kukohoa, nikafika kwenye mmomonyoko wa udongo, pap, mashine ikazimika, kurasa zote zikaenda na maji, nikaligusa sanduku likaniunguza kidole. Nilikaa chini nikalia, mshauri, sioni haya kukwambia. Mume aliporudi nikamwambia imezimika yenyewe kwa joto, na hapo sikudanganya, ila blanketi sikulitaja, naye akashika kichwa akasema, "Nilijua tu, upepo hautoshi."

Ndipo nikahamia kabatini, waya wa maikrofoni nimeuvuta kutoka sebuleni, mashati yanameza kelele kidogo, lakini jana mama mkwe, tunayeishi naye, alifungua kabati kutafuta shuka akanikuta gizani nasema, "Taja sababu tatu za mafuriko." Alipiga yowe hadi jirani akaja na mwiko. Sasa ananitazama kwa jicho la pembeni, na nimemsikia akimuuliza mwanawe kama kwetu kuna historia ya maradhi ya kichwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndimi niliyemo nguoni.

Kinachoniumiza ni hiki: mkaguzi amenipigia tena, kwa upole, ule upole unaotisha, akasema mwisho wa mwezi huu kitabu kikiwa hakijakamilika kwa sauti safi atampa msomaji mwingine, kwa sababu wanafunzi wana mtihani na mtihani haungoji feni za mtu. Nami mume wangu siwezi kumwambia, maana gereji nzima anawasimulia jinsi mke wake anavyosomea nchi nzima kwa mashine ya mikono yake.

Nisaidie, ni feni gani zisizo na kelele lakini zinapoza kweli, ili nizibadilishe kimya kimya akiwa kazini? Au niiache tu kazi, ndoa yangu ibaki salama?

Ni mimi,
Msomaji wa Kabatini

*

Mwalimu,

Toka kabatini kwanza. Nangoja. Umetoka? Keti mahali penye hewa tuongee.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Mara ya pili nilikasirika, na kwa hasira hiyo ndiyo naanza. Umeivisha kompyuta blanketi? Kwa nini hukuipa na uji? Mashine iliyofungiwa pumzi haina la kufanya ila kuzimika, na ilikuhurumia kwa kuzimika, maana ingeweza kuungua kabisa. Kurasa zako kumi na moja hazikuuliwa na mumeo. Umeziua wewe. Blanketi lirudi kwa wageni leo, na waya wa feni usiuchomoe tena hata kwa ndoto.

Sasa feni zenyewe. Mimi najua ndoa, mashine sizijui, kwa hiyo nilimbana fundi anayetunza kompyuta za chumba chetu cha habari. Alipofika kwenye vile vijifeni vya ofisi ya simu alishika mdomo. Anasema feni hizo zilitengenezwa kwa chumba kisichokaliwa na binadamu. Ni ndogo, kwa hiyo ili zisukume upepo wa kutosha ni lazima zikimbie kama zimeiba, na mbio hizo ndizo kelele. Feni kubwa, ya sentimita kumi na nne hivi, inatembea polepole, inahamisha upepo ule ule au kuuzidi, na utasahau kama ipo. Kwa kazi yako ya kusoma na kurekodi huhitaji tisa. Tatu zinakutosha: mbili mbele zinavuta hewa ndani, moja nyuma inatoa joto nje. Ziwe za kampuni inayoandika kwenye boksi kiasi cha kelele na kiasi cha upepo. Isiyoandika ina la kuficha. Zifungwe kwa pini za mpira badala ya skrubu kavu, bati lisitetemeke. Na yale matundu aliyoyatoboa yazibwe, kwani hewa ni mvivu, inapita tundu la karibu na kuliacha joto lilipo.

Kisha mwendo wa feni haupaswi kuwa mmoja asubuhi hadi jioni. Kuna mahali ndani ya mipangilio ya kompyuta pa kuziamuru zitambae mashine ikiwa baridi na kuongeza mwendo ikipata moto. Sanduku litoke kwenye zulia, lisigande ukutani, vumbi lipulizwe kila mwezi. Fundi wetu anasema wengi hulaumu feni na kumbe zimevaa vumbi kama sweta.

Hayo ndiyo uliyouliza. Ila unataka uyafanye kimya kimya mumeo akiwa gereji, na hapo sikuungi mkono. Mtu anayeweza kulaza sikio akajua feni ipi imelala, unadhani atakuta sita zimetoweka adhani zimekwenda kuoga? Atakukamata kabla hajavua viatu. Na hapo hutakuwa mke aliyesumbuliwa na kelele. Utakuwa mke aliyemhujumu siku zote hizi akitabasamu. Ulimwambia inakubembeleza! Ungemwambia siku ile ile, "Baba watoto, asante, nimefurahi, lakini inapiga kelele," angesikitika mpaka saa ya kula, basi. Mficha uchi hazai, Mwalimu, na wewe umeufichia hadi kwenye mashati yake.

Wala usinitishie habari za kuacha kazi ili ndoa iwe salama. Ukiacha kazi hiyo utamchukia kila akiwasha mashine, naye hatajua kosa lake. Hiyo ndiyo ndoa salama?

Mumeo si mjinga. Anajua joto kuliko mimi na wewe, tena ana kila jibu ninalokupa, ila kwa lugha ya gereji. Muulize lori lina feni ngapi mbele ya injini. Atakwambia moja, kubwa. Muulize kama inakimbia kwa nguvu zote hata injini ikiwa baridi. Atakucheka, atakueleza kwamba inangoja joto lipande. Muulize ni lori gani linaloingiza hewa kila upande lisiwe na pa kutolea moshi. Hapo atageuka kulitazama sanduku. Ukimwona amegeuka, usimalizie sentensi. Kaa kimya umwachie ushindi uwe wake, kwa sababu ni wake kweli. Kelele si kazi. Debe tupu haliachi kuvuma, na yeye analijua hilo, amelisahau kwa sababu ya mapenzi na kwa sababu ulimdanganya.

Mama mkwe naye mwambie ukweli leo leo, kabla hajakuitia mganga.

Lakini kabla ya maswali ya lori, kuna jambo limeniuma katika barua yako ndefu. Mkaguzi amekusikia ukisoma. Mama mkwe amekusikia, na jirani mwenye mwiko amekusikia. Sikuona mahali popote ulipoandika kwamba mumeo amewahi kukusikia. Mwanaume amehangaika wiki tatu juu ya meza ili sauti yako ifike kwa watoto asiowajua, na mwenyewe hajaipata hata sura moja, kwa sababu akiwepo nyumbani feni zinanguruma, na asipokuwepo ndipo unasoma.

Jumamosi asiende gereji asubuhi. Zima mashine, yote. Mkalishe, fungua kitabu, msomee sura nzima ya mito kama unavyowasomea wale watoto, usimtajie feni hata moja. Ukimaliza, muungamie blanketi, muungamie waya, muungamie na lile neno la kubembelezwa. Atakasirika kidogo, mwache akasirike, ana haki. Kisha washa mashine, urudie ukurasa wa kwanza kwa sauti ile ile.

Hutahitaji kumwomba. Mtu anayesikia hitilafu ya injini lori likiwa bado barabarani, atasikia mwenyewe kwamba kitu kisichosikika ndani ya nyumba yake ni mke wake. Wewe endelea kusoma tu. Bisibisi ataifuata yeye.