Majibu ya Likizo

Niboye, 18 Januari 2025

Mjukuu wangu Kaliza,
Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila magoti yanagombana na cherehani. Wewe je? Unakula, au huko shule ya vipaji Gahanga mnalishwa namba tu?
Mkuu wenu wa shule alituambia tableti mliyopewa inamsoma kila mtoto kama simu inavyomsoma mwenye simu. Nikacheka. Mimi nilitazama video moja ya mbuzi, sasa simu inaniletea mbuzi asubuhi mpaka jioni. Wewe inakuletea nini?
Babu yako, fundi Twahiru

Gahanga, 2 Februari

Babu mpendwa,
Waalaykum salaam. Pole na magoti. Tableti inaniletea hesabu ngumu, nikipata, inaleta ngumu zaidi. Kila mtu ana njia yake, hakuna wa kumuuliza. Mwezi wa tano itachagua wanne wa kwenda kusomeshwa nje. Mwalimu Cyriaque anasema mimi wa kwanza. Likizo ya Aprili nitakuja na tableti yangu.
Mjukuu wako Kaliza

Gahanga, 4 Mei

Babu,
Salaam. Afya yako? Tangu nirudi, tableti inaniletea hesabu za watoto wadogo. Mwalimu anasema imeona uwezo wangu umeshuka likizoni. Nilikuwa nafanya kidogo kila jioni, sikuona kama nakosa. Akasema, "Kaliza, mashine ina faida gani ikidanganya?" Babu, akili inaweza kuisha? Wanachagua tarehe 20.
Kaliza

Niboye, 11 Mei

Kaliza,
Salaam. Ingekuwa akili inaisha, yangu ingeisha kabla sijamwoa bibi yako. Kula, lala. Mteja ananisubiri.
Babu

Gahanga, 21 Mei

Babu,
Salaam. Majina yamesomwa. Langu halimo. Kumbe nilikuwa najidanganya, tableti ikanijua kabla sijajijua. Sinyooshi tena mkono. Nimeomba kuhamia shule ya kawaida.
Kaliza

Niboye, 25 Mei

Kaliza, mama yangu,
Salaam. Leo sina utani. Ni mimi. Kila asubuhi ya likizo ulipokwenda madrasa nilichukua tableti yako nikabonyeza majibu. Nikikosa, iliandika: "Jaribu tena, Kaliza, unaweza." Tangu nitolewe shule darasa la tatu, hakuna aliyewahi kuniambia nijaribu tena. Nikakosa asubuhi zote kumi na mbili. Barua yako ya tarehe 4 niliielewa palepale. Nikaona aibu, nikakimbilia mzaha.
Juzi nilikwenda kwa Mwalimu Cyriaque. Alisema orodha imeshakwenda, na mashine haina mahali pa kuandika babu. Akili yako nzima. Nisamehe.
Babu

Gahanga, 1 Juni

Babu mpendwa,
Waalaykum salaam. Barua yako niliisoma mara tatu, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu majina yasomwe. Mwalimu alisema ulikuja. Alisema nina bahati kuwa na babu anayenipenda kiasi hicho. Lakini wewe, ukae na hesabu asubuhi zote kumi na mbili? Wewe ambaye hata kwenye swala ya Idi ulinichekesha?
Ijumaa narudi na sanduku langu. Nimeshakubali kuwa mtu wa kawaida. Usinitetee tena kwa uongo, Babu. Ni dhambi.
Mjukuu wako Kaliza