Viatu Vyekundu Baada ya Eda

Fes, Jumamosi

Dada yangu Zhor,

Kitambaa cheupe ulichonitumia nimekipata, asante. Mlimau wa uani umezaa sana, na paka wa marehemu mume wangu Driss bado analala kwenye kigoda chake cha kushonea.

Eda yangu iliisha jana. Miezi minne na siku kumi nimevaa nyeupe tupu, kama inavyotupasa wajane. Wifi yangu Batoul anataka niendelee hadi mwaka utimie. "Ukitoka na rangi," aliniambia, "usirudi nyumba hii."

Leo asubuhi nilivaa kanzu ileile nyeupe, kisha nikatia miguuni viatu vyekundu ambavyo marehemu alinishonea wiki ileile aliyougua. Batoul akanizuia mlangoni.

"We Ghita! Kaburi la kaka yangu bado bichi, miguu yako inacheka?"

"Wifi, miguu hii kaka yako ndiye aliyeivisha."

"Watu watasemaje?"

"Watasema Driss alikuwa fundi."

Nikapita. Sokoni mafundi viatu wenzake Driss waliacha nyundo, na mzee mmoja akaniomba nigeuze kisigino. "Ni Driss huyu," akasema. "Kila kiatu chake lazima mshono mmoja upinde." Nilicheka, dada, mara ya kwanza tangu mazishi.

Niliporudi nilibisha hodi. Batoul akafungua, akainama, akaugusa ule mshono uliopinda. Kisha akanipisha.

Kitambaa chako nimemtandikia paka, usikasirike. Nitumie mkanda wa rangi ya machungwa, unaoonekana kutoka mwisho wa kichochoro.

Mdogo wako,
Ghita