Moto wa Chini ya Eburru

Kwa mjukuu wangu Wambui,

Barua yako imefika, na hapa Njoro hatujambo. Babako amemaliza kuvuna ngano, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Umeniuliza nawezaje kumwomba Mungu nisiyemwona. Hata mimi niliwahi kuuliza hivyo.

Miaka ya hamsini niliolewa Eburru, mlima usio na mto. Mama mkwe wangu, Mkristo mpole, alinipeleka kuteka maji. Nilishangaa kuona mvuke ukitoka ardhini na kuingia kwenye bomba refu. Ukishapoa humo, unageuka maji yanayodondoka ndani ya debe. Alinijazia kikombe, kisha akafumba macho kushukuru. Mimi sikuwa nimesali tangu tumzike mama yangu.

"Mama, umewahi kumwona huyo unayemshukuru?" nikamuuliza.

"Sijamwona. Hata moto unaochemsha maji haya sijauona."

Nikataka kuuona. Nilichukua jembe nikachimba kando ya bomba, naye hakunikataza. Udongo ulizidi kuwa moto mpaka nyayo zikashindwa kuvumilia, lakini sikuona hata cheche.

"Umeupata?" akauliza.

"Hapana, mama. Lakini uko."

Alinipa kikombe changu. Kabla ya kunywa nilisema asante kwa sauti ndogo, bila kujua naongea na nani. Nilianza kumjua siku ile, na mpaka leo nina maswali mengi ninayomuuliza. Nawe muulize.

Nyanya yako anayekuombea